Makaa Hununuliwa kwa Masikio

Ile ya aibu kabisa niitoe kwanza, mcheke, mmalize, halafu tuongee kama watu. Mimi, Ochwo wa Sop Sop, niliwahi kukaa ndani ya chungu cha mama mkwe. Si karibu na chungu. Ndani. Kilikuwa cha kunde, kilikuwa motoni, na mimi nilikuwa nimevaa kaptula nyepesi. Na wala hakuwa mama mkwe bado. Alikuwa njiani kuwa.

Mmemaliza? Haya.

Nimewasikia juzi pale stendi, vijana wangu, mnabishana mpaka abiria wanatafuta gari nyingine. Eti redio imesema kuna gari inatembea bila petroli. Mmoja anasema huo uongo wa wazungu. Mwingine anasema ni kweli lakini itafika huku sisi tumeshaoza. Yule mwenye kofia nyekundu anasema gari bila petroli ni kama ng'ombe bila majani, itasimama tu ikutazame. Nilitaka kuja niseme neno, lakini magoti yangu siku hizi lazima yaombwe kwanza, na siku ile yalikataa. Ndiyo maana naandika. Shule niliiacha tukiwa bado kwenye hesabu ya kugawanya, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, msiiamshe.

Gari bila petroli nimeifanyia kazi. Njia hii hii yenu, Majanji, Lumino, Busia, Tororo. Ilikuwa wakati wa vita ya wazungu, ile ya pili. Petroli yote ilikwenda vitani, na tone lililobaki lilikuwa la bwana DC na daktari. Watu wengine waliambiwa watembee, au wafikiri. Mzee Ramadhani akafikiri.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Dereva, mtu wa mjini Tororo, Mwislamu wa kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku nyingine zote. Mama yake Mnubi, baba yake alikuja na misafara kutoka pwani akasahau kurudi. Lori lilikuwa la ukoo wao, na kazi yake ilikuwa moja: kutoa samaki Majanji na kuwafikisha stesheni ya Tororo kabla treni ya jioni haijaondoka. Samaki wakichelewa treni, mji mzima unajua kwa pua.

Basi akamwita fundi, wakafunga pipa refu la chuma nyuma ya kichwa cha lori. Unajaza makaa juu, unawasha chini, unazungusha feni kwa mkono mpaka bega lilie. Yale makaa yanatoa gesi, gesi inapita kwenye mabomba, inachujwa kwenye kopo lenye katani, inaingia kwenye injini. Injini haikujua tofauti. Au ilijua ikanyamaza, kama sisi wengine wakati ule.

Mnafikiri nyinyi ndio wa kwanza kubishana? Siku ya kwanza tulipofika Busia, watu walizunguka lori kama msiba.

"Hii ni jiko imeota miguu," mama mmoja akasema.

"Leo inakula makaa, kesho itataka ugali," mwingine akajibu. "Kesho kutwa itataka bibi."

Mzee mmoja wa upande wa Kenya, msafi, na Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya nguo, akasema, "Mabibi na mabwana, moto na samaki katika gari moja ni jambo la hatari. Samaki watafika Tororo wameiva."

"Basi si vizuri, baba?" nikamwambia. "Unashuka na sahani yako."

Akanitazama. "Na wewe Kiswahili chako nani alikikata mkia?"

Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Nilikuwa hivyo. Aliyenipiga neno, mimi ndiye niliyempigia makofi. Kumbukeni hilo, maana baadaye lilinishinda.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana siku moja redio itawaambia petroli imekwisha na mtanitafuta kaburini.

Moja, usilale karibu na pipa. Gesi ile haina rangi, haina kelele, inakuja kama usingizi mzuri. Mimi nilijilaza kidogo pale kando, kwa sababu palikuwa na joto, nikaota nimekuwa chifu. Mzee Ramadhani akaniburuta kwa miguu mpaka kwenye upepo, akanimwagia maji. Nilipofumbua macho akaniuliza, "Jina lako nani?" Nikamwambia, "Chifu." Akanimwagia tena.

Feni nayo usiiache mapema. Pale kwenye bomba la kujaribia unaweka kiberiti. Mwali ukiwa mwekundu na unakohoa, endelea kuzungusha. Ukiwa wa buluu, umetulia, mwite dereva. Mlimani gari ya makaa haina nguvu, na abiria lazima washuke wasukume, hata mwalimu, hata katekista. Katekista wetu mmoja alisukuma huku anasema mateso haya hayakuandikwa popote.

Lakini kubwa ni makaa yenyewe. Mzee Ramadhani aliniambia hivi: "Ochwo, makaa hayanunuliwi kwa macho. Hununuliwa kwa masikio. Makaa yote ni meusi, hata mabaya. Chukua mawili, gonga. Yakilia kama vikombe vya chai, chukua. Yakisema *puf*, kama mtu aliyeshiba, hayo yamekunywa maji. Mwachie mwenyewe."

Makaa yenye maji yanatoa mvuke tu. Katani inalowana, bomba linaziba, injini inakohoa, unabaki barabarani na samaki wako. Kila nilipotoka na gunia aliniuliza neno moja: "Umegonga?" Nikisema ndiyo, anawasha. Hakuuliza tena.

Tulinunua makaa Lumino. Hapo barabarani palikuwa na mama mmoja Msamia aliyekuwa akichoma miti migumu, na binti yake Nabwire ndiye aliyekuwa akiuza.

Sasa nifanye nini hapa? Mnataka nimsifu? Siwezi. Nitasema tu kwamba mara ya kwanza nilipogonga makaa mbele yake, alinitazama akasema, "Wee, unayapima au unayabishia hodi?" Nikaendelea kugonga, gunia zima, kipande kwa kipande, mpaka Mzee Ramadhani akapiga honi.

Tangu siku hiyo gari ilianza kula makaa mengi. Mzee akashangaa. "Pipa limetoboka?" Mimi nikasema labda ni vita.

Mshenga wangu alikuwa Wandera, binamu yake Nabwire, kijana aliyekuwa akitupakilia magunia pale Lumino. Mcheshi kama mimi, tena ananizidi kwa sauti. Alipeleka maneno kwao, wazee wakasikia, hawakukataa. Akarudi barabarani anapiga kelele, "Shemeji! Shemeji wa makaa!" Kila safari tukifika Lumino, kabla gari haijasimama, mnasikia "shemeji" kutoka ng'ambo ya shamba. Sijawahi kupenda neno kama hilo.

Ila hapo ndipo kazi yangu ilipoharibika. Mnajua desturi. Kwetu na kwa Wasamia ni moja: maneno ya kuoa yakishafika, wewe na mama wa msichana hamtazamani usoni, hamsemezani, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa makaa ni ya nani? Ya mama. Anakaa wapi? Hapo hapo, mita chache nyuma ya magunia. Na mimi natakiwa kununua.

Tukatafuta njia. Lori likisimama, mimi nashuka kwa upande wa pili, nazunguka nikiwa nimeipa nyumba yao mgongo, natembea kinyumenyume mpaka kwenye magunia, nasimama natazama barabara kama askari. Abiria wanakufa kwa kicheko. Kugonga siwezi, maana nikigeuka macho yatakwenda kwa mama. Basi Nabwire alinigongea. Anasimama nyuma yangu, anachukua vipande viwili, anagonga karibu na sikio langu. *Kling.* "Hii?" Nasema, "Hiyo." *Kling.* "Na hii?" "Hiyo pia." *Puf.* "Na hii?" "Hiyo mpe adui." Anacheka pale pale shingoni kwangu.

Vijana, nyinyi mna simu na picha na sijui nini. Mimi nilichumbia kwa mgongo. Na nawaambia hakuna muziki niliosikia baada ya hapo, si redio, si bendi, uliofika pale ile *kling* ilipofika.

Sasa ile siku.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha, Majanji samaki wamejaa, lori limelala kwa uzito. Tumefika Lumino makaa yamekwisha. Nikashuka, nikazunguka, nikaenda kinyumenyume kama kawaida, nikasimama. Kimya. Hakuna kling. Nikasema polepole, "Nabwire?" Nikasikia kikohozi, na hakikuwa kikohozi cha msichana.

Nabwire alikuwa ameenda kisimani, na Wandera alikuwa ameenda Busia. Nyuma yangu palikuwa na mama mwenyewe, naye maskini desturi imemfunga mdomo kama mimi. Nikasikia gunia linaburutwa, linasukumwa mpaka kwenye kisigino changu. Kumwambia gonga ni kumsemesha, na kugeuka nigonge mwenyewe ni kumtazama. Nikafanya heshima. Nikalibeba gunia vile vile, nikapanda.

"Umegonga?" Mzee Ramadhani akauliza.

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Tulimwaga makaa, tukaondoka. Hatukwenda mbali. Kwenye mwinuko ule baada ya mto, injini ikakohoa kama mzee wa tumbaku, ikatema mvuke, ikanyamaza. Mzee akashuka, akafungua pipa, akatoa kipande, akatoa kingine, akagonga.

*Puf.*

Hakunitukana. Afadhali angetukana. Alitazama jua, akatazama samaki waliofunikwa majani mabichi, akasema, "Ochwo, treni haina mama mkwe." Halafu akashika mpini wa feni, akaanza kuzungusha mwenyewe ili moto usife, na bega lake lilikuwa bovu tangu zamani. "Kimbia."

Nikakimbia. Nilijua makaa makavu yako wapi: jikoni, karibu na mafiga, Nabwire alikuwa akiniwekea pale wakati wa mvua. Nikafika na gunia tupu mkononi. Nikaita kwa mbali, "Hodi! Nabwire!" Hakuna. Moshi unatoka jikoni. Kuna mtu ndani, na najua ni nani.

Sasa nyinyi mnaojua kila kitu, niambieni. Nyuma yangu Mzee anaua bega lake, samaki wa ukoo wake wanaoza. Mbele yangu ni jiko ambalo mtu kama mimi haruhusiwi kulitia mguu hata nyumba ikiungua. Nikikosa la kwanza, nimekosa kazi na nimemwangusha mzee wangu. Nikikosa la pili, nimekosa Nabwire.

Nikapata akili. Akili ya mtu aliyeacha shule kwenye kugawanya. Nikasema: nikijifunika gunia kichwani na nikiingia kinyumenyume, sijamwona, na yeye hajaniona uso. Desturi imekaa, makaa yamepatikana.

Nikajifunika. Nikaingia.

Kumbe mama naye amesikia hodi, ameijua sauti, na kwa heshima ile ile amevuta shuka akajifunika kichwa mpaka kiunoni. Sasa tuko wawili jikoni, wote hatuoni, wote tunaheshimiana. Mimi narudi nyuma napapasa gunia la makaa. Yeye anarudi nyuma anatafuta mlango atoke. Tukagongana mgongo kwa mgongo. Akapiga yowe, mimi nikapiga la kumzidi, nikaruka pembeni, mguu ukapata figa, na nikakaa.

Kunde zilikuwa zimeiva, nawahakikishia.

Nilichomoka na chungu kimenishika, kikapasuka mlangoni. Lakini gunia la makaa makavu lilikuwa mkononi mwangu, sijui nililipataje. Watu walikuwa wamesikia mayowe, wamejaa uani, nami nikapita katikati yao na gunia kichwani, gunia begani, kunde kila mahali, mvuke unanitoka nyuma. Nikasikia sauti ya mzee mmoja: "Hata yeye sasa anatumia gesi!"

Samaki walifika. Treni ilikuwa bado inakunywa maji. Mzee Ramadhani alishusha kreti ya mwisho kwa mkono mmoja, ule mwingine haukunyanyuka, akaja akanitazama nilivyosimama, maana kukaa sikuweza karibu wiki.

"Samaki wamefika," akasema. "Sasa wewe tukupeleke lini?"

"Wapi, Mzee?"

"Kwa wakwe zako. Ukaoshe hiyo kunde."

Na kweli njia ilikuwepo. Wandera alikuja mpaka Busia kunitafuta, anacheka mpaka anashika mlango wa lori. "Shemeji, wazee wamekaa. Wanasema ni ajali ya kazi. Leta mbuzi mmoja na chungu kipya, uje mwenyewe, ukae nao, yaoshwe, yaishe. Mama mwenyewe anacheka. Anasema hajawahi kuona heshima kali hivyo."

"Nakuja," nikasema. "Mvua iishe tu."

Mvua ikaisha. Nikasema tungoje mavuno. Unajua shida yangu? Njia nzima walikuwa wananiimba. Majanji wavuvi wananiuliza kunde zimeiva? Busia watoto wanatembea kinyumenyume nikipita. Mimi niliyewacheka katekista na mwalimu na yule mzee wa kamba ya nguo, nikakuta kicheko ni kitamu ukiwa unakigawa, si ukiwa umepakuliwa wewe. Kwenda Lumino, kukaa mbele ya watu wote wale na chungu kipya mapajani... Nikasema safari ijayo.

Nikamwomba Mzee tuwe tunajaza Busia makaa ya kwenda na kurudi. Akanitazama, akakubali. Tukifika Lumino mimi naingia chini ya turubai na samaki. Nalala pale, nanuka, nasikia gari inapita. Mara moja nilifunua turubai kidogo kwa kidole. Alikuwa amesimama kando ya magunia, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, analitazama lori mpaka linapotea. Nikafunika.

Wandera naye akapata kazi mbali, upande wa Kenya. Sikuwa na mtu wa kupeleka neno. Huo ulikuwa uongo wangu mzuri, nikauishi.

Halafu vita ikaisha, petroli ikarudi. Nyinyi hamjui ilivyokuwa. Watu walishangilia. Kwenye hoteli za chai Tororo kila mtu alikuwa na maoni: sasa gari zitaruka, sasa samaki watakuwa wanapiga kelele wakifika, wazima. Fundi akalifungua lile pipa, likabaki nyuma ya nyumba ya Mzee, kuku wakataga ndani yake. Bega la Mzee halikupona vizuri, akanifundisha usukani, nikawa dereva. Na gari ya petroli, vijana, haina sababu ya kusimama Lumino. Inapita tu. Ni haraka, ni safi, haina moshi, na vumbi lake likitulia wewe umeshafika Busia.

Niliendesha njia hiyo mpaka nywele zikaisha. Kila nikifika pale nilipunguza mwendo, abiria wakadhani kuna shimo. Msimu mmoja nikaona magunia yanauzwa na mtu mwingine. Nikabadilisha gia.

Mke nilioa baadaye, mtu mwema, Mungu amrehemu, na watoto mnawajua. Lakini mpaka leo akija muuza makaa hapa nyumbani, nachukua vipande viwili nagonga. Wajukuu wanasema babu anaanza kuchanganyikiwa, makaa ya kupikia chai yanahitaji nini? Mimi nagonga tu. Siku nyingine nagonga na nimeyapa mgongo.

Kwa hiyo mkiniuliza maoni yangu juu ya hiyo gari mpya ya redio, nasema itakuja. Zote zinakuja. Itakula kitu kingine na itapita mahali pengine. Nyinyi tazameni tu ni nani amesimama kando ya barabara ya zamani.

Wandera nilikutana naye siku moja stesheni ya Tororo, miaka imepita, amening'iniza koti begani, ana kitambi. Tukakumbatiana, tukacheka kunde mpaka watu wakatugeukia. Tulipochoka nikamuuliza, kama naulizia hali ya hewa, "Na yule dada yako?"

Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Ameolewa ng'ambo ya mpaka, karibuni tu," akasema. "Alikuwa na gunia moja jikoni, haliuzwi. Jua likitoka analianika. Jioni anakaa nalo, anagonga moja moja, anatoa yaliyonyonya unyevu, analirudisha. Miaka, bwana. Habari ya petroli kurudi kila mtu aliisikia, mpaka mbuzi. Yeye akawa anasema lori litasimama tu."

Nikamwambia, "Wandera, gari zilikuwa zimeshaacha makaa."

Akaweka mkono begani kwangu. Akaniita lile jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu enzi za makaa.

"Shemeji," akasema, "gari ndiyo iliacha makaa. Wewe nani alikwambia uache?"